Barua ya wazi kwa wajukuu zangu wa kidato cha nne: dakika tano zenu zinaliwa

Kamwene wajukuu zangu,

Naandika nikiwa na uchungu. Juzi saa nane usiku niliamka nikakuta taa ya sebuleni inawaka, na mjukuu wangu ameketi mbele ya kitabu cha Biolojia, miguu ameitumbukiza kwenye beseni la maji ili asisinzie, katika baridi hii ya Iringa inayotulaza sisi wazee chini ya mablanketi mawili. Aliniambia kwamba amepiga msuli tangu saa mbili. Nilimwomba anieleze aya moja tu ya ukurasa uliokuwa wazi mbele yake, akashindwa, machozi yakamlengalenga.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Italia, Francesco Cirillo, naye alishindwa kutulia na vitabu vyake, akachukua saa ya jikoni yenye umbo la nyanya, akaitega, akasoma mpaka ilipolia. Ndiyo maana utaratibu wake huitwa Pomodoro, yaani nyanya kwa Kiitaliano, jina ambalo sisi majirani wa mashamba ya nyanya ya Ilula hatupaswi kulisahau. Chagua kazi moja, soma dakika 25, pumzika dakika 5. Ukishamaliza vipindi vinne, pumzika dakika 15 hadi 30. Ukianza saa moja jioni, vipindi hivyo vinne vinakwisha saa tatu kasoro dakika tano, na usiku mzima wa kulala bado ni wako.

Wazo la pembeni likikujia, liandike kwenye karatasi, urudi kwenye kazi. Saa ikilia, simama. Jumamosi fanya mtihani mzima uliopita bila kukatiza, kwa maana mitihani yenu mingi ni ya saa tatu, na chumba cha mtihani hakina mapumziko.

Linaloniudhi kuliko yote ni simu. Niliketi na vijana watatu hapa Kihesa, saa yangu ya mezani ikiwa katikati yetu, wakasoma kipindi cha kwanza vizuri mno hata nikafurahi. Ilipolia, wote watatu walichomoa simu mifukoni. Dakika tano zikawa arobaini, na waliporudi kwenye daftari macho yao yalikuwa bado yanatazama video. Mapumziko ni kunyoosha mgongo, kunywa maji, kutoka nje ukaitazame milima. Simu inaipa akili kazi nyingine juu ya ile iliyokwisha kuichosha. Mpeni mama awafungie kabatini, wanangu, nawasihi.

Nanyi wazazi, acheni kuupima usomaji wa mtoto kwa taa inayowaka. Tumewasifu mno wanaokesha, tukawaita wavivu wanaolala mapema. Tena katika nyumba nyingi mvulana huachwa na kitabu chake, lakini dada yake, mwenye mtihani uleule wa Novemba, huitwa kuosha vyombo, akirudi huitwa kuteka maji, kisha matokeo yakitoka tunamlaumu. Dakika 25 za msichana zikianza, asiitwe na mtu. Vyombo vitasubiri saa ilie, na kaka yake ana mikono.

Saa yangu ya mezani iko dirishani. Asiye na saa nyumbani aje kuichukua jioni, airudishe asubuhi akienda shule.

Babu yenu, mwalimu mstaafu,
Kihesa, Iringa