Mgonjwa anaongea Kiswahili: barua ya wazi kwa Msajili wa Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania

Ndugu Msajili,

Yah: Mwanafunzi wa uuguzi wa afya ya akili apimwe kwa Kiswahili, akiwa na mgonjwa

Tunaandika kama wakufunzi tunaosimamia wanafunzi wa uuguzi kwenye wodi za afya ya akili. Ombi letu ni moja: kabla mwanafunzi hajafanya mtihani wa leseni, msimamizi amwone kwa macho yake akizungumza na mgonjwa kwa Kiswahili kwa dakika zisizopungua 20, na ampe alama kwa alichouliza na namna alivyouliza. Vitabu anavyosoma ni vya Kiingereza, fomu anazojaza ni za Kiingereza, na mitihani yake ni hivyo hivyo. Mgonjwa anaongea Kiswahili, au Kigogo na Kisukuma kilichovaa Kiswahili. Kazi ya kutafsiri kati ya hao wawili ameachiwa mwanafunzi, aifanye mwenyewe papo hapo, akiwa na miaka 20 na woga wa wiki ya kwanza wodini.

Wodi ya upasuaji inaweza kuvumilia hali hiyo. Kidonda kinaonekana, joto linapimwa, mkojo unasomwa kwenye mfuko. Kwetu kipimo ni swali, na swali likikosewa, jibu lake linaandikwa kwenye faili kama ukweli na kila anayefuata analisoma hivyo.

Chukua swali ambalo karibu kila mwanafunzi huanza nalo: "Unasikia sauti?" Limetafsiriwa neno kwa neno. Mgonjwa anajibu ndiyo, na kweli anasikia: jenereta ya hospitali, redio ya mlinzi, sauti ya huyo huyo anayemuuliza. Mwingine anajibu hapana, kwa sababu yeye hasikii sauti, anamsikia shangazi yake aliyekwisha kufa. Wote wawili wataandikwa kinyume. Swali linaloeleweka ni refu kidogo: "Kuna wakati unasikia mtu anaongea nawe, ukigeuka humwoni?" Akikubali, ndipo kazi inaanza. Ni mmoja au wengi? Wanaongea nawe, au wanakusema wao kwa wao? Kuna anayekuamuru kufanya jambo? Jambo gani? Umeshawahi kumtii? Hayo ya mwisho ndiyo yanayoamua kama mgonjwa anahitaji mtu wa kukaa karibu naye usiku huo.

Au neno "mawazo". Mtaani kwetu mtu mwenye mawazo amebeba mzigo moyoni, hana mwendo kasi wa fikra. Mgonjwa akisema "nina mawazo mengi sana", mwanafunzi aliyekariri kitabu anaandika fikra zinazokimbia, dalili ya mtu aliyepandisha, yaani aliyechangamka kupita kiasi kwa ugonjwa, ilhali aliyekaa mbele yake ana sonona, huzuni iliyozidi hadi kuwa ugonjwa. Dawa za hali hizo mbili hazifanani, na dawa ya sonona ikipewa peke yake kwa mtu anayepandisha inaweza kumpandisha zaidi. Njia ya kutoka hapo ni kuacha neno na kufuata mwenendo. Unalala saa ngapi, unaamka saa ngapi, ukiamka alfajiri usingizi unarudi? Kazi uliyokuwa ukiipenda bado ina ladha? Hali hii imedumu wiki mbili, au zaidi? Wengi, tena, hawaleti huzuni kabisa, wanaleta mwili: kichwa kinawaka moto, wadudu wanatembea kichwani, moyo unakwenda mbio. Asiyefundishwa anaandika maumivu ya kichwa na kutoa Panadol.

Lakini neno linalotutisha kuliko yote ni "amechanganyikiwa". Ndugu waliomleta mgonjwa wanalitumia kwa mtu mwenye wazimu, kwa mtu aliyefiwa, kwa mzee aliyesahau jina la mwanawe, na kwa kijana mwenye malaria kali anayeweweseka. Kiswahili kimelifanya gunia moja. Uuguzi hauwezi kulibeba gunia hilo bila kulifungua, kwa sababu mmoja wa waliomo humo anaweza kufa usiku huo huo akiwa wodi isiyo yake. Maswali ya kulifungua ni haya: imeanza lini, kwa saa na siku au kwa wiki na miezi? Inapanda na kushuka ndani ya siku moja, na usiku inazidi? Anaona vitu, wadudu ukutani au watu mlangoni, kuliko kusikia? Alikunywa pombe mara ya mwisho lini? Mnywaji wa kila siku aliyeacha ghafla huanza kutetemeka kati ya saa 6 na 24, na hatari kubwa ya kuweweseka huja siku ya pili hadi ya nne, wakati ambapo ndugu wameshasahau kuwa kulikuwa na pombe.

Kabla ya jina lolote la ugonjwa wa akili kuandikwa, mwanafunzi awe ameshika joto, mapigo, presha, upumuaji, oksijeni, sukari ya kidoleni na kipimo cha haraka cha malaria. Sukari chini ya 3.9 mmol/L ni jambo la kutengenezwa sasa hivi. Aangalie shingo kama imekaza, na kichwa kama kina jeraha. Yote hayo hayafiki nusu saa. Yakirukwa, mara nyingi sababu ni kwamba ndugu wametamka "amechanganyikiwa" pale mapokezi na kila mtu akadhani ameelewa.

Vipimo vya akili timamu navyo vimekuja na lugha yao. Kitabu kinamtaka mwanafunzi amwambie mgonjwa ataje siku za wiki kinyumenyume, ili kuona kama umakini wake umeshika. Kwa Kiingereza hilo ni zoezi. Kwa Kiswahili, ukishavuka Ijumaa na Alhamisi, kilichobaki ni tano, nne, tatu, pili, mosi: mgonjwa anahesabu kurudi nyuma tu. Miezi ni vilevile kwa watu wengi, kwa sababu hawasemi Septemba, wanasema mwezi wa tisa. Ni afadhali kumwambia atoe tatu kutoka 20 na aendelee: 17, 14, 11, 8, 5, 2. Asiyesoma shule aulizwe chenji: umenunua nyanya za 700, umetoa 2,000, unarudishiwa ngapi? Muuza genge atajibu 1,300 kabla hujamaliza swali. Akishindwa huyo, hapo kuna jambo.

Methali nazo hazitusaidii kama tunavyodhani. Kitabu kinasema mpe mgonjwa methali aieleze, uone kama anafikiri kwa kina. Mtoto wa Tanzania amefundishwa "haba na haba hujaza kibaba" pamoja na maana yake shuleni, na ataikariri hata akili ikiwa imevurugika. Unachopima ni kumbukumbu ya darasani. Muulize embe na chungwa vinafanana nini, au ukiokota simu ya mtu kwenye daladala utafanya nini. Na kuhusu kurogwa na majini: imani ambayo nyumba nzima wanayo haitoshi kuwa dalili. Waulize ndugu, "Na ninyi mnaona hivyo?" Wakikwambia hapana, hili ni lake peke yake na limeanza mwezi huu, basi andika.

Hadi hapa tumesema kumtambua mgonjwa. Lugha inaumiza zaidi kwenye dawa. Mgonjwa aliyeanza juzi haloperidoli, dawa ya kutuliza wazimu, anasema "miguu haitulii, siwezi kukaa". Anapiga hatua pale pale aliposimama, anakaa, anainuka. Mwanafunzi anaandika kwamba mgonjwa ana fujo. Daktari wa zamu anasoma fujo, anaongeza haloperidoli, na miguu inazidi. Hilo ni dhara la dawa lenye jina lake. Swali la kulitenganisha na fujo ya ugonjwa ni rahisi: "Kinachokusukuma utembee kiko kwenye mawazo au kiko miguuni?" Mwingine, hasa kijana wa kiume, ndani ya siku chache za mwanzo, anasema shingo inavutwa, ulimi umekuwa mzito, macho yamepanda juu hayashuki. Ndugu wanasema jini limempanda. Misuli ndiyo iliyokaza, na sindano ya promethazini 25 hadi 50 mg ya msuli kwa agizo la daktari huilegeza kwa kawaida ndani ya nusu saa, kisha Artane ya kumeza hufuata ili isikaze tena. Mwanafunzi anatakiwa pia ajue dhara lile la nadra la dawa hizi linaloua: joto limepanda, mwili umekakamaa, jasho linamtoka, presha haitulii, ufahamu unapotea. Hapo dozi inayofuata haitolewi, na daktari anaitwa saa hiyo hiyo.

Saa nayo, kwa kifupi. Chati imeandikwa 8 usiku kwa Kiingereza. Mwanafunzi anamwambia mgonjwa wa sonona anayekwenda nyumbani na dawa yake, "Amitriptilini unakunywa saa nane usiku." Mgonjwa mtiifu anaweka alamu, anaamka usiku wa manane, anameza, na kesho yake anasinzia hadi mchana. Wiki ya pili ameacha dawa. Ilikuwa saa mbili. Na bahasha ya dawa iliyoandikwa 1x3 isomwe kwa sauti, "kimoja kutwa mara tatu", na mgonjwa arudie mwenyewe.

Tunakuja kwenye swali ambalo wanafunzi hulikimbia. "Unafikiria kujidhuru?" ni Kiswahili cha ofisini, wapo wasiojua kinauliza nini. Sema kujiua. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani, na mara nyingi kunampunguzia. Anza na maneno yake: akisema "nimechoka", "bora nisiwepo", "Mungu anichukue tu", shika hapo hapo. "Ukisema bora usiwepo, umefikiria kujiua?" Kisha: umefikiria kwa njia gani, kitu hicho unacho nyumbani, umepanga lini, umeshawahi kujaribu, na kitu gani kimekuzuia mpaka leo. Swali la mwisho ni la thamani kubwa, kwa kuwa linataja mtoto, mama au dini ambayo mpango wa kumlinda utaegemea. Mwenye njia na siku haachwi peke yake hata kwenda chooni, na mwenye sonona anayerudi nyumbani hapewi amitriptilini za mwezi mzima. Apewe za wiki moja, azitunze ndugu.

Swali hili haliulizwi mbele ya askari wala mbele ya mume. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinaliita jaribio la kujiua kosa, kwa hiyo familia nyingi zitasema alikunywa sumu kwa bahati mbaya, na mgonjwa atakubaliana nazo mpaka atakapobaki na muuguzi peke yao.

Karatasi ya kupimia tunayoipendekeza ni ya ukurasa mmoja. Sehemu ya kwanza ni salamu, maana ndiyo uchunguzi wa kwanza. Mwanafunzi akimwamkia mzee shikamoo, aone marahaba imechukua muda gani kutoka, imetoka kwa sauti gani, macho yalielekea wapi. Wengi wanairuka wakidhani mgonjwa wa akili hahitaji kuamkiwa, na mzee huyo anawafungia mdomo wiki nzima, kwa haki yake. Sehemu ya pili ni kukaa: kwa kuelekea upande kidogo, hatua mbili mbali, mlango usiwe nyuma ya mgonjwa, stetoskopu isiwe shingoni wala mkasi mfukoni. Ya tatu ni maswali tuliyoyataja. Ya nne ni maandishi: maneno ya mgonjwa yaandikwe kwanza kwa Kiswahili chake, ndani ya alama za mtajo, ndipo istilahi ya Kiingereza ifuate. Daktari akisoma "miguu haitulii" na neno la fujo limesimama pembeni yake, atauliza.

Atakayekosea swali la kujiua au kuruka vipimo vya mwili asifidiwe na alama za sehemu nyingine. Arudie wiki moja wodini, kisha apimwe upya na msimamizi tofauti. Gharama yake ni karatasi na muda wa msimamizi, na huo muda ndio tunaouomba utambuliwe kwenye ratiba, kwa sababu anayesimamia wanafunzi 30 peke yake hawezi kumsikiliza hata mmoja kwa dakika 20.

Rasimu ya karatasi hiyo, pamoja na orodha ya maswali kwa Kiswahili, tuko tayari kuileta mezani kwako siku utakayoitaja.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Wakufunzi wa uuguzi wa afya ya akili