Barua ya wazi kwa mdogo wangu wa chuo: matembezi hupangwa kwa miguu mizito na mfuko mwepesi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Nimesikia wazazi wanakuja kukutembelea likizo hii, na kwamba wenzako wa darasani wamekukabidhi safari ya kikundi baada ya mitihani. Nakuandikia hadharani kwa sababu katika kila darasa yuko mmoja anayebebeshwa mzigo huu, na mara nyingi huachiwa aubebe peke yake.

Wapangaji wengi huanza na orodha ya mahali pa kwenda. Wewe anza na watu. Andika majina yote, kisha ujiulize mambo mawili: nani anatembea polepole kuliko wote, na nani ana pesa kidogo kuliko wote? Majibu hayo ndiyo ratiba yako. Wengine watajirekebisha bila taabu, lakini mwenye goti bovu hawezi kuongeza mwendo, na aliyeishiwa hatasema mbele ya wenzake kwamba hana.

Tuanze na miguu. Mtu mzima mwenye afya hutembea karibu kilomita 5 kwa saa, na ramani za simu hukadiria muda kwa mwendo unaokaribia huo, bila kusimama popote. Kikundi hakiendi hivyo. Watu sita wakivuka barabara, wawili hukatiwa na magari wakabaki ng'ambo. Huyu anafunga kamba za kiatu, yule anapiga picha, mwingine anatafuta maji. Kwa marafiki, chukua dakika za ramani uzizidishe kwa moja na nusu. Ukiwa na wazee au watoto wadogo, zidisha kwa mbili: dakika 20 za kwenye simu ni dakika 40 za mama. Hesabu hiyo ikikaa vizuri kichwani utaona mwenyewe kwamba siku ya familia ina nafasi ya vituo vikuu viwili tu, kimoja asubuhi na kimoja alasiri, na katikati mlo wa kukaa chini. Marafiki wanaweza vitatu. Kituo cha nne huwa ni cha kupita mbio huku watu wamenuna, na siku nzima hukumbukwa kwa ule mnuno.

Jihadhari hasa na makumbusho na majumba ya sanaa, kwa sababu yanachosha kuliko yanavyoonekana. Mwaka 1916 Benjamin Ives Gilman, aliyefanya kazi katika jumba la makumbusho ya sanaa la Boston, aliandika makala kuhusu uchovu huu akitumia picha za mtu aliyekuwa akiinama, akichutama na kunyoosha shingo ili aone vitu vilivyopangwa vibaya kabatini. Hoja yake ilikuwa kwamba mwili ndio unaofanyishwa kazi. Ongeza na kusimama: ukitembea, misuli ya miguu husaidia kurudisha damu juu, ukisimama na kujikokota hatua mbili mbili, damu hutuama miguuni na miguu huanza kuuma. Baada ya saa moja na nusu wengi hupita tu mbele ya vitu bila kuviona. Kwa hiyo chagueni vyumba viwili au vitatu mnavyovitaka kweli, mviingie kwanza mkiwa na nguvu, na vingine viwe ziada. Kabla ya kwenda hakikisha siku na saa. Makumbusho mengi duniani hufungwa Jumatatu, ila si yote: Louvre ya Paris hufungwa Jumanne. Tena angalia saa ya mwisho ya kuingia, maana milango ya wageni wapya hufungwa nusu saa au saa nzima kabla ya jengo lenyewe kufungwa, na hapo ndipo waliotoka mbali hurudishwa wakiwa na pesa mkononi.

Wazazi wana tabia moja unayoijua: ukiwauliza "Mmechoka?" watasema hapana. Hawataki kukuharibia siku. Usiulize hivyo. Sema, "Mama, tukae hapa kidogo," kisha uketi wewe kwanza. Fanya hivyo kila baada ya dakika 40 hivi, na ujue mapema mabenchi, vyoo na lifti ziko wapi. Kivuko cha juu chenye ngazi 50 kinaweza kumaliza siku ya baba kabla haijaanza. Kama yupo mwenye kisukari, dawa, maji na kitu cha kula kidogo vikae kwenye mkoba unaotembea nao, visiachwe kwenye gari, na jioni miguu yake ikaguliwe, kwa kuwa kisukari huweza kuondoa hisia miguuni na lengelenge likawa kidonda bila yeye kujua.

Viatu vipya vikae nyumbani, vya wazee na vya vijana. Lengelenge huzaliwa na msuguano, na soksi zilizolowa jasho huzidisha. Mtu akisema sehemu fulani ya mguu inawaka, simameni palepale abandike plasta. Mkingoja mfike, ngozi itakuwa imeshainuka. Likishatoka, lisitumbuliwe. Lifunikwe tu.

Sasa pesa, na hapa nakuomba unisikilize kuliko pengine popote. Urafiki wa chuo hauvunjwi na safari mbaya; huvunjwa na deni dogo lisilosemwa. Kabla ya kutangaza chochote kwenye kundi la WhatsApp, zungumza faraghani na yule uliyemwandika kuwa ana kidogo, umuulize kiwango anachokiweza bila kujibana. Kiwango hicho ndicho dari. Panga safari inayotoshea chini yake, kisha uitangaze kwa wote kama mpango wa kawaida, bila kumtaja mtu. Jumlisha nauli ya kwenda na kurudi, viingilio na chakula, halafu uongeze sehemu moja ya tano kwa yasiyotarajiwa: jumla ikiwa 100, changisheni 120, na kinachobaki kirudishwe. Pesa zikusanywe kabla ya siku yenyewe, maana ahadi ya "nitakupa tukifika" hukufanya uwe mkopeshaji bila kukubali. Mweka hazina awe mmoja, na asiwe wewe unayepanga; kazi hizo mbili zikiwa kwa mtu mmoja, mojawapo hulegea.

Mkiamua kila mtu alipe anachokikuta, basi hesabu ifanywe usiku uleule. Njia ni rahisi. Jumlisha kila kilicholipwa, gawanya kwa idadi ya watu, kisha umlinganishe kila mmoja na fungu lake. Tuseme mko wanne. Mmoja amelipa 60, wa pili 20, na wawili hawajalipa kitu. Jumla ni 80, fungu ni 20. Yule wa pili yuko sawa. Hao wawili kila mmoja anamtumia wa kwanza 20, na mmemaliza kwa malipo mawili. Ambaye hakula asihesabiwe chakula, na aliyeondoka mapema asihesabiwe gari la kurudi.

Uliza punguzo la mwanafunzi kabla ya kulipa, kwani tiketi ikishakatwa ni vigumu kurudishiwa tofauti. Wauzaji wengi hawalitaji mpaka waulizwe. Kitambulisho cha chuo kiwe halisi na kisiwe kimepitwa na muda. Mkivuka mpaka, kadi ya kimataifa ya mwanafunzi, ISIC, hukubalika katika nchi nyingi ambako kitambulisho cha chuo chako hakifahamiki.

Kupotezana ni jambo la kawaida mjini, na suluhisho lake hupangwa kabla. "Tukutane getini" haifai, kwa sababu majengo makubwa yana mageti manne. Taja kitu kisichohama na kisicho na pacha wake: mnara wa saa, sanamu, kibanda cha tiketi chenye namba. Anayegundua kuwa amepotea asimame alipo. Wengine ndio warudi nyuma. Mmoja anayejua njia atangulie na mwingine makini awe wa mwisho, na wa mbele asivuke barabara kabla ya kumwona wa nyuma. Milango ya treni ikiwafungia wengine nje, walioingia wateremke kituo kinachofuata wasubiri jukwaani, na waliobaki wapande treni inayofuata. Hilo lisemwe kabla ya kushuka ngazi za stesheni, kwa sababu chini ya ardhi simu huweza kukosa mtandao. Kila mtu, hata bibi, awe na namba mbili za simu zilizoandikwa kwenye karatasi. Watoto wapigwe picha asubuhi mkiondoka. Mtoto akitafutwa, nguo alizovaa ndizo za kwanza kuulizwa, na mzazi aliyeingiwa na hofu huzisahau.

Kuhusu simu: pakua ramani ya mji mzima ukiwa kwenye Wi-Fi. Simu hupokea mahali ulipo kutoka kwenye setilaiti, kwa hiyo doa la ramani litaendelea kusogea hata bando likiisha, ingawa kulipata mara ya kwanza huchukua muda zaidi. Chaji huliwa zaidi na mwanga wa skrini, kamera, na simu inayotafuta mtandao hafifu. Pawabanki iliyoandikwa 10,000 mAh (kipimo cha chaji inayobeba) haikupi zote. Sehemu hupotea katika kubadili volti na kuwa joto, hivyo simu yenye betri ya 5,000 itajaa mara moja na ziada kidogo, si mara mbili. Mkienda kwa ndege, pawabanki hukaa kwenye mkoba wa mkononi, kamwe si kwenye begi la mizigo. Mpaka wa kawaida bila kibali cha shirika la ndege ni 100 Wh (wati-saa, kipimo cha nishati): zidisha mAh kwa volti 3.7 ugawanye kwa 1,000, na utaona 27,000 mAh inagusa mpaka huo. Vimiminika navyo, viwanja vingi bado vinadai chupa isiyozidi mililita 100, na kinachopimwa ni ukubwa wa chupa. Losheni iliyobaki robo ndani ya chupa ya mililita 200 itatupwa. Jina kwenye tiketi lilingane herufi kwa herufi na la pasipoti, na kwa kuwa nchi nyingi hutaka pasipoti yenye uhai wa miezi 6 mbele, zikague kabla ya kununua chochote.

Safari ya basi au ndege ya zaidi ya saa 4, wainue watu. Utafiti uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2007 ulionyesha kuwa kukaa bila kusogea kwa muda huo huongeza takriban maradufu hatari ya damu kuganda kwenye mishipa. Kwa kijana mwenye afya hatari yenyewe ni ndogo. Kwa mzee aliyefanyiwa upasuaji karibuni si ya kupuuzwa, na ni vema amuulize daktari wake kwanza. Wengine wasimame kila saa moja au mbili, au wakunje na kunyoosha vifundo wakiwa vitini.

Kurudi, lenga gari la pili kutoka la mwisho. Ukilikosa, bado lipo moja. Na mkitoka mbali, mfike siku moja kamili kabla ya kipindi au mtihani, maana siku hiyo ndiyo itakayoliwa na gari lililoharibika njiani.

Picha ya kikundi pigeni asubuhi, nguo zikiwa safi na wote wakiwepo. Usitangaze mtandaoni mlipo mkiwa bado hapo, na usiweke picha ya shangazi kabla ya kumuuliza. Mkitumiana picha, zitumeni kama faili, kwa sababu zikitumwa kwa njia ya kawaida hubanwa na hazitachapika vizuri mama atakapotaka ya kutundika ukutani.

Wasalimie wote. Ukikwama kwenye hesabu, nitumie orodha ya majina na idadi ya siku, tuzipange pamoja.

Nduguyo