Land Cruiser Inasumbua Kuwaka Asubuhi? Ilete Jioni

Ikifika Juni na baridi ya Arusha ikikaza, simu zetu huanza kulia kabla gereji haijafunguliwa. "Fundi, napiga starta weee, haiwaki." Nyingi ni Land Cruiser za injini ya 1HZ, zile za dizeli lita 4.2. Injini hii ni ngumu kufa, lakini ikizeeka husumbua asubuhi, na hapo ndipo pesa za watu zinapopotea. Mtu ananunua betri mpya, hali ni ileile. Anaambiwa pampu ya dizeli imekwisha.

Kabla hujanunua chochote, mwombe mtu asimame nyuma aangalie ekzosi wakati unapiga starta.

Ukitoka moshi mweupe na gari haiwaki, dizeli inafika kwenye silinda ila haipati joto la kuiwasha. Tunaanza na plagi za hita. Ziko sita, na tunazipima moja moja kwa mita, pamoja na relei, swichi inayozipelekea umeme, maana tumeshakuta plagi zote nzima ila umeme hauzifikii. Tafadhali usipulize dawa ya kuwashia kwenye injini yenye hita. Inaweza kulipuka kabla ya wakati wake na kupasua pistoni.

Usipoona moshi kabisa, shaka yetu huenda kwenye njia ya dizeli. Mzee mmoja alikuja akiwa ameshaambiwa anunue pampu. Tulifunga kipande cha mpira unaoonyesha ndani, kati ya filta na pampu. Jioni, injini ikinguruma, vilipita viputo vidogo kama vya soda. Asubuhi mpira ule ulikuwa mtupu. Dizeli yote imerudi tenki. Kumbe ni ile pampu ya mkono iliyo juu ya filta, mpira wake wa ndani umechanika na unavuta upepo. Pampu kubwa ilikuwa nzima. Hata wewe unaweza kujaribu nyumbani: bonyeza ile pampu ya mkono mpaka iwe ngumu, kisha piga starta. Ikiwaka mara moja, njia yako ya dizeli inavuta upepo.

Starta ikizunguka kwa uvivu, hiyo ni kesi ya umeme. Kwa gari ya volti 12, betri iliyojaa husoma kama 12.6, ukipiga starta ikashuka chini ya 9.6, betri imechoka. Isiposhuka hivyo, tunafuata waya wa ethi, ule unaounganisha betri na bodi, na kutu yake. Ikigonga "ta!" tu ikanyamaza, mara nyingi ni kopa za starta, vile vipande vya shaba vinavyopitisha umeme ndani yake.

Haya yote yakiwa sawa, tunapima kompresheni, yaani nguvu ya injini kugandamiza hewa ndani ya silinda. Ikiwa ndogo tutakwambia ukweli, hata kama unauma, kabla hujatumia hela nyingine.

Tunaomba kitu kimoja: gari ilale kwetu. Ukiiendesha asubuhi kutuletea, inafika ikiwa ya moto na ugonjwa umeshajificha. Ilete jioni, usiwashe tena, utuachie ufunguo. Saa kumi na mbili asubuhi fundi atakuwa ameshashika mita.