Unafiki wenu tumeuona, sasa tuambieni kodi na notisi

Mhariri,

Kila ninapofungua ukurasa wa barua siku hizi nakuta ubishi ule ule. Wa mrengo wa serikali anamwambia wa upinzani: ushuru huu wa nyumba mliuasisi ninyi, mbona leo mnaulilia? Wa upinzani anajibu: ninyi mnabomolea maskini asubuhi, jioni mnazindua maghorofa. Nimefuatilia suala la nyumba jijini kwa muda mrefu, na nakiri kwamba wote wawili wanasema kweli. Kinachoniuma ni kwamba mpangaji wa Nairobi hatajwi mahali popote katika ukweli huo.

Kumbukumbu kwanza. Sera ya nyumba ya 2004, enzi ya serikali ya muungano wa NARC, iliweka lengo la nyumba 150,000 kila mwaka mijini. Desemba 2017 serikali ya Uhuru Kenyatta, William Ruto akiwa naibu wake, iliahidi nyumba 500,000 kufikia 2022. Hapa Nairobi tunachoweza kuonyesha kwa kidole ni Park Road, Ngara, nyumba 1,370. Serikali hiyo hiyo ilipitisha makato ya nyumba, yaani huo ushuru wa nyumba unaotolewa kwenye mshahara, katika Sheria ya Fedha ya 2018, mahakama ikayasimamisha. Yakarudi 2023 chini ya Kenya Kwanza, muungano wa Ruto, Mahakama Kuu ikayafuta Novemba 28 mwaka huo, na Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, iliyoyarudisha, ikatiwa saini Machi 19, 2024. Waliokuwa na Uhuru mwaka 2018 wakayapinga 2023. Chama cha upinzani cha ODM nacho kiliyapinga 2023, na Agosti 2024 vigogo wake wakaapishwa kuwa mawaziri wa serikali inayoyakata. Rigathi Gachagua aliyatetea akiwa Naibu Rais na akageuka alipotimuliwa. Hakuna mrengo uliobaki na mikono safi, na anayetaka kuthibitisha hilo ana ushahidi wa kutosha.

Lakini wabishi wa pande zote hurudia kosa moja: wanasema makato ya 2018 na ya leo ni kitu kimoja. Si kweli. Yote mawili ni asilimia 1.5 kwa mfanyakazi na asilimia 1.5 kwa mwajiri, ila ya 2018 yalikuwa na kikomo: jumla ya mchango wa wawili hao isizidi shilingi 5,000 kwa mwezi. Tena ulikuwa mchango wako. Kama hukufuzu kupata nyumba, ungeweza kuudai baada ya miaka 15 au ukistaafu. Mswada wa Fedha wa 2023 ulipoletwa bungeni ulikuwa na kifungu cha kurudishiwa baada ya miaka saba, kikaondolewa. Leo hakuna kikomo na hakuna kurudishiwa. Mwenye mshahara wa 30,000 anakatwa 450, mwajiri anaongeza 450, na fedha hizo 10,800 kwa mwaka haziandikwi popote kwa jina lake kama akiba ya nyumba. Anayetaka nyumba lazima aanze upya kuweka amana kupitia Boma Yangu, mfumo wa serikali wa mtandaoni. Mtu anaweza kuunga mkono utaratibu huo au kuupinga, ila aujue kwanza.

Sasa hesabu ambayo sijawahi kusikia mwanasiasa akiipiga hadharani. Chukua nyumba ya milioni 2, mkopo wa miaka 25. Kwa riba ya kawaida ya benki, tuseme asilimia 14, malipo ni karibu 24,000 kwa mwezi. Kwa asilimia 9 yanashuka hadi 16,800. Kwa asilimia 3, riba ya huruma kabisa, ni 9,500. Familia ikitumia theluthi ya kipato chake kwa makazi, basi inahitaji 72,000 kwa mwezi katika hali ya kwanza, 50,400 katika ya pili na 28,500 katika ya tatu. Ndiyo sababu mikopo yote ya nyumba nchini ni takriban 30,000 tu, katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 47.

Sheria ya 2024 yenyewe inagawa watu kwa kipato: chini ya 20,000 kwa mwezi wapate nyumba za kijamii, 20,000 hadi 149,000 za bei nafuu, na walio juu ya hapo nyumba za tabaka la kati. Mwenye 20,000 kamili, kwa theluthi yake na riba ya asilimia 3, anaweza kubeba nyumba ya milioni 1.4. Mwenye 10,000 anabeba ya laki saba. Bei hiyo haipatikani Nairobi ila serikali itoe ardhi bure na ilipie barabara, maji na bomba la majitaka. Kwa hiyo swali la kumuuliza anayejisifu kwa kuzindua jengo ni moja: katika jengo hili, nyumba ngapi ni za kijamii, na ngapi zinauzwa kwa bei ya soko? Ukipewa jumla bila mgawanyo, hujajibiwa.

Na hata nyumba ikipatikana, kuna gharama inayosahaulika siku ya kukabidhi funguo. Ghorofa ina pampu ya maji, taa za ngazi, mlinzi, mfagizi, mara nyingine lifti. Gharama hiyo hugawanywa kila mwezi. Fundi wa mjengo na mama mboga hupata fedha kwa siku, na mvua ikinyesha juma zima hawapati. Kwenye chumba cha mabati humwomba mwenye nyumba amvumilie hadi Jumamosi. Kwenye ghorofa pampu haimvumilii mtu, ikikosa umeme watu wa juu wanapandisha mitungi kwa ngazi. Tuliliona hili katika mradi wa kuboresha Kibera. Mwaka 2009 watu wa Soweto Mashariki, sehemu ya Kibera, walihamishiwa nyumba 600 za muda kule Lang'ata, za vyumba vitatu, familia mbili au tatu zikitumia jiko na choo kimoja. Baadhi walipangisha vyumba vyao kwa watu wenye uwezo zaidi, wakarudi Kibera. Waliitwa walafi. Mimi naona walipiga hesabu: chumba kikikuletea zaidi ya unachopata kwa kibarua, na watoto hawajala, utakitoa. Mradi wowote usiotenga fedha za kuendesha jengo utapita njia hiyo hiyo, awe ameuzindua nani.

Tuje kwa wapangaji, kwa sababu Nairobi ni mji wa wapangaji. Sensa ya 2019 ilihesabu kaya zaidi ya milioni 1.5 hapa, na takriban tisa kati ya kila kumi zinalipa kodi. Hawa wanalindwa na nini? Na Sheria ya Udhibiti wa Kodi, Sura ya 296, yenye mahakama yake maalumu inayoweza kuzuia nyongeza ya kodi na kufukuzwa kiholela. Sheria hiyo inahusu nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Elfu mbili na mia tano! Chumba cha mawe kisicho na choo ndani, kuanzia Kayole hadi Kawangware, hukipati kwa bei hiyo. Maana yake ni kwamba mpangaji wa bedsita ya 8,000 akiongezewa kodi hadi 11,000 hana mlango wa kubisha isipokuwa mahakama za kawaida, ambako wakili atamgharimu kuliko nyongeza yenyewe. Mswada wa Wenye Nyumba na Wapangaji wa 2021 ulikusudia kurekebisha hili. Bunge lile lilimaliza muda wake bila kuufanya sheria, na sikuona mrengo wowote ukiupigania kama walivyopigania ushuru.

Hata hivyo mpangaji asidhani hana haki yoyote. Kumpigia mtu kufuli la pili mlangoni, kung'oa mlango au paa kwa sababu ya deni la kodi si halali. Mali ya mpangaji hukamatwa na dalali mwenye leseni, kwa utaratibu wa sheria, si na mlinzi wa ploti. Lipa kodi kwa simu na uhifadhi ujumbe wa malipo. Depositi nayo idai risiti yake peke yake, isichanganywe na kodi ya mwezi wa kwanza, na upige picha kuta, sinki na vitasa siku ya kuingia. Depositi nyingi hupotea kwa madai ya rangi na vitasa ambayo hakuna anayeweza kuyapinga miaka mitatu baadaye.

Jambo zito kuliko yote ni bomoabomoa. Kariobangi, Mei 2020, katikati ya janga la korona. Mukuru kwa Njenga, mwishoni mwa 2021, kupisha barabara. Mathare na Mukuru tena, Mei 2024, baada ya mafuriko. Serikali mbili tofauti, tingatinga lile lile. Sheria ya Ardhi, katika marekebisho ya 2016, vifungu vya 152A hadi 152I, inasema wazi: notisi isiyopungua miezi mitatu, iwe ardhi ni ya umma au ya mtu binafsi. Wanaobomoa wajitambulishe na waonyeshe idhini. Na waathiriwa wapewe nafasi ya kwanza ya kubomoa wenyewe na kuokoa mali yao.

Haki hiyo ya mwisho, ya kubomoa mwenyewe, inaonekana ndogo kwa asiyejua kibanda kimejengwa kwa nini. Chumba cha futi kumi kwa kumi kinabeba takriban mabati 20, kuta na paa, pamoja na nguzo, mbao na mlango. Mwenyewe akikifungua kwa nyundo na kuchomoa misumari, bati lenye matundu linapigiliwa tena kwingine siku hiyo hiyo. Tingatinga likipita, bati linakunjika kama karatasi, mbao zinavunjika, na kinachobaki kinauzwa kwa kilo kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Tofauti kati ya familia kulala ndani na kulala nje ni saa chache za nyundo, na sheria tayari imezitoa.

Mwaka 2024 waliobomolewa waliahidiwa shilingi 10,000 kila kaya. Chumba cha 5,000 kinataka kodi ya mwezi mmoja na depositi ya mwezi mmoja. Elfu kumi zimekwisha kabla hujakodi mkokoteni.

Sisemi watu waachwe kingoni mwa mto. Jengo la mtaa wa Huruma lililoporomoka Aprili 2016 na kuua watu zaidi ya 50 lilikuwa karibu na mto, halikuwa na kibali, na lilikuwa limetiwa alama ya kubomolewa. Alama ikabaki ukutani, wapangaji wakabaki ndani, kwa sababu hakuna aliyewaonyesha chumba kingine cha bei ile. Mwenye kuamuru watu wahame lazima aonyeshe wanahamia wapi.

Uchaguzi wa 2027 uko njiani na wagombeaji watapita mitaani wakituhesabia dhambi za wapinzani wao. Mbunge yeyote aliyeko bungeni leo, wa serikali au wa upinzani, anaweza kuwasilisha mswada wa kifungu kimoja unaoondoa kikomo cha 2,500 katika Sura ya 296 na kuweka kiwango kinacholingana na kodi ya leo ya Umoja au Dagoretti. Hauhitaji mkandarasi, mkopo wala ushuru mpya. Unatosha kwenye karatasi moja.

Mshauri wa masuala ya upangaji,
Eastlands, Nairobi