Barua kwa Mwalimu Rehema kuhusu Polingaysi Qöyawayma

Mpendwa dada Rehema,

Salaamu nyingi, na pole kwa kazi za muhula mpya. Uliniomba nikuandikie juu ya mwanamke wa Kihopi, mojawapo ya makabila ya wenyeji wa asili wa Marekani, aliyeongoza jamii yake bila kukalia kiti cha utawala. Nimemchagua Polingaysi Qöyawayma, ambaye wageni walimjua pia kwa jina la Elizabeth White, kwa sababu sehemu kubwa ya uongozi wake aliifanyia darasani, mbele ya watoto wadogo kama hao unaowafundisha wewe.

Alizaliwa mwaka 1892 Oraibi, kaskazini mashariki mwa Arizona, kijiji kilicho juu ya kilima bapa cha mawe na ambacho huhesabiwa miongoni mwa makazi ya kale zaidi yanayokaliwa hadi leo nchini Marekani. Huko watu huishi kwa mahindi yanayopandwa katika mchanga, chini sana, mahali unyevu wa theluji na mvua chache za kiangazi ulikojificha. Mtoto huwa wa ukoo wa mama yake na nyumba huwa ya mwanamke; wewe uliyekulia Uluguru huhitaji kuelezwa zaidi juu ya utaratibu huo.

Utoto wake uliangukia wakati mbaya. Serikali ya Marekani ilikuwa imeamua kwamba watoto wa wenyeji wote wasomeshwe shule zake, kwa hiari au kwa nguvu, na suala hilo likaigawa Oraibi baina ya waliokuwa tayari kupatana na serikali na waliokataa katakata. Septemba 1906 pande hizo mbili zilisukumana kwenye mstari uliochorwa ardhini; waliokataa wakashindwa, wakafungasha walichoweza kubeba na kuondoka siku hiyohiyo, wakaenda kuanzisha kijiji cha Hotevilla. Naomba ulikumbuke jina hilo, kwa maana nitalirudia.

Watu wengi wanaomsimulia Polingaysi humfanya mtoto aliyenyakuliwa na wazungu. Ukweli wake ni mgumu zaidi, na kwa maoni yangu unafundisha zaidi. Mama yake alijitahidi kumficha asichukuliwe, lakini yeye mwenyewe, kwa udadisi tu, alishuka kilimani siku moja akaingia shuleni. Baadaye, aliposikia habari za shule ya bweni ya Sherman huko Riverside, California, alijificha katika gari la kukokotwa lililokuwa likiwapeleka wanafunzi stesheni, akakataa kushuka mpaka wazazi wakakubali kutia sahihi. Alikaa huko miaka kadhaa bila kurudi nyumbani. Aliporejea alikuwa msichana mwenye dharau: aliwalaumu wazazi wake kwa kulala na kula sakafuni, akataka meza na kitanda, na akapanga kuwahubiria watu wake dini ya wamisionari wa Kimenoni, madhehebu ya Kikristo ya Kiprotestanti, ambao baba yake aliwahi kuwafanyia kazi. Mahubiri hayo hayakupata wasikilizaji wengi. Wazee walimwona amegeuka mzungu, na wazungu nao hawakuacha kumwona Mhopi.

Nakuandikia haya bila kuyafunika, dada, kwa kuwa bila hayo huwezi kuelewa alichokifanya mwaka 1924 alipoanza kufundisha Hotevilla, kijiji kilekile cha watu walioikataa shule, ambao wanaume wao walifungwa jela na watoto wao kuchukuliwa na askari. Kanuni ya shule za serikali ilikuwa Kiingereza peke yake. Kihopi hakikuruhusiwa hata kidogo. Vitabu vilizungumzia vitu ambavyo mtoto wa jangwani hajawahi kuviona, na mwalimu alitarajiwa kumlazimisha mtoto akariri maneno yasiyo na picha yoyote kichwani mwake. Polingaysi, aliyepitia mateso hayo mwenyewe, alikataa. Alianza na hadithi na nyimbo za Kihopi ambazo watoto walikuwa wakizisikia kwa bibi zao, na vitu walivyovishika kila siku, kisha kutoka hapo akawavusha polepole kwenda katika Kiingereza.

Wakaguzi hawakupendezwa, na hilo lilitarajiwa. Lakini wazazi pia walilalamika: walisema Uhopi watoto wataufundishwa nyumbani na wenye haki ya kuufundisha, na kwamba shuleni walipelekwa kujifunza mambo ya wazungu. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, na nina hakika umewahi kuisikia kwa maneno mengine kutoka kwa mzazi anayekuuliza kwa nini mwanawe hazungumzi Kiingereza tangu darasa la kwanza. Polingaysi hakubishana nao sana. Aliendelea kufundisha, na watoto wakaendelea kuelewa. Upepo ulibadilika miaka ya 1930, John Collier alipoiongoza Idara ya Masuala ya Wenyeji na kuanza kuheshimu tamaduni za wenyeji katika elimu. Mwaka 1941 mwalimu huyo aliyekuwa akikaripiwa alialikwa Chemawa, Oregon, kuwaonyesha walimu wenzake namna anavyofundisha. Alistaafu mwaka 1954, na Wizara ya Mambo ya Ndani ikamtunuku nishani kwa utumishi wake.

Sipendi simulizi zinazosema kwamba mwishowe "alirudi kwenye asili yake". Hakurudi mahali popote. Nyumba aliyojijengea Kykotsmovi, chini ya Oraibi ya zamani, ilipokea wageni wa kila aina, wasomi, wasanii na wasafiri, na aliendelea kuwa Mkristo aliyeyathamini maarifa ya wazee wake. Mwaka 1964 maisha yake yalitoka katika kitabu alichokisimulia kwa mwandishi Vada Carlson, na humo hakujipamba. Dharau ya ujana wake imo. Baada ya kustaafu aliufinyanga udongo, akatengeneza vyungu vyenye maumbo ya mahindi yaliyochomoza kwenye kuta zake, na kazi hiyo ikaendelezwa na mpwa wake, Al Qöyawayma, mhandisi aliyekuja kuwa mfinyanzi mashuhuri. Alisaidia pia kuanzisha mfuko wa kuwasomesha vijana wa Kihopi katika Chuo Kikuu cha Northern Arizona. Alifariki Desemba 1990, akiwa na umri wa miaka 98, na mwaka uliofuata jina lake likaingizwa katika Ukumbi wa Heshima wa Wanawake wa Arizona.

Kwa ajili ya mazungumzo yenu ya walimu, ningeanza na malalamiko ya wale wazazi wa Hotevilla kabla ya kuzitaja sifa zake, maana hapo ndipo wenzako watakapokuwa na la kusema. Ukipenda, barua ijayo nitakuandikia juu ya Helen Sekaquaptewa, aliyezaliwa Oraibi mwaka 1898 na kufariki mwaka uleule wa 1990. Yeye alikuwa miongoni mwa watoto waliochukuliwa na askari kutoka Hotevilla, na aliyaona mambo haya kutoka upande wa pili wa ule mstari.

Wasalimie nyumbani.

Ni mimi dada yako,
Zainabu