Usiwaahidi Kazi Ambayo Hujaiona

Rafiki yangu mpenzi,

Barua yako niliipata juzi, nikaisoma mara mbili kabla hata sijaketi. Hongera sana, dada. Miaka yote hii umekuwa ukisema unataka kuchonga karibu na watafiti, na sasa maabara imekufungulia mlango uwe msanii mkaazi, yaani msanii anayealikwa kukaa na kufanya kazi kwenye taasisi kwa muda.

Ila furaha yangu iliingia doa nilipofika pale uliposema maabara inakutaka, kabla hujakanyaga kwao, uandike utatengeneza kazi gani, ya ukubwa gani, na itaeleza ugunduzi wao upi. Unaniuliza uwajibu nini. Waandikie unachotaka kukitazama na watu unaotaka kukaa nao. Kazi yenyewe usiiahidi. Najua ni jambo gumu kumwambia mtu anayekulipa, lakini nakuomba ulijaribu.

Nasema hivi kwa sababu ya miezi mitatu niliyokaa kwenye maabara ya seli. Nilifika na mpango kamili, umepigwa chapa, una picha. Mwezi wa kwanza nikachora yale yaliyoonekana kwenye hadubini, seli zilizotiwa rangi zikang'aa kijani na buluu. Watafiti walifurahi, wakazitundika ukutani. Mimi nililala na huzuni. Uzuri ule ulikuwa wao tangu mwanzo, na brashi yangu haikuuongezea kitu.

Kilichoniokoa ni mkono wa mtu mmoja. Kila asubuhi fundi sanifu wa maabara alitoa chupa za seli kwenye kabati la joto, na kabla ya kuziweka chini ya hadubini aliziinua kwenye mwanga, akaziinamisha kidogo. Sekunde mbili tu. Nikamuuliza anatazama nini. Akasema, rangi. Majimaji ya lishe wanamokuzia seli hutiwa kiashiria kinachoitwa fenoli nyekundu. Kadiri seli zinavyokula na kuongezeka, asidi nayo huongezeka, na wekundu ule hugeuka taratibu kuwa rangi ya chungwa, kisha manjano. Hayo kila mmoja pale aliyajua. Ila yeye aliona wekundu wa aina nyingi mahali ambapo wenzake waliona mmoja, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Basi tukakaa meza moja, mimi na rangi zangu, yeye na chupa zake, nikichanganya mpaka aseme, "Hii ndiyo ya jana jioni." Wiki tano tulifanya hivyo. Vikawa vipande vidogo vya rangi, kila kimoja na siku yake na saa yake. Siku nilipovipanga ukutani, mtafiti mmoja kijana alianza kubishana na fundi kuhusu chupa za Jumatano, na mkuu wao akaja akasimama kusikiliza. Mimi nilinyamaza. Sijawahi kuona kazi yangu ikitazamwa kwa makini namna ile, na katika mpango niliofika nao haikuwamo hata kidogo.

Wala si mimi peke yangu. Msanii Laurie Anderson alipoalikwa na NASA, shirika la anga za juu la Marekani, kuwa msanii wao mkaazi wa kwanza, mwaka 2003, amesimulia kwamba aliwauliza maana yake ni nini, nao hawakuwa na jibu, wakamrudishia swali lilelile. Napenda sana ujasiri wa taasisi inayokubali kutojua. Au tazama CERN, maabara kubwa ya fizikia ya chembe kule Geneva. Mwaka 2012 ndio waliotangaza kupatikana kwa chembe ya Higgs, ambayo wanafizikia waliitafuta kwa miaka mingi, na mwaka huohuo msanii Julius von Bismarck alikuwa kwao kama msanii mkaazi. Ingekuwa rahisi kumtaka achore chembe. Yeye alitengeneza taa nne zinazozunguka kwa kubembea, kila moja na mwendo wake, kisha kwa muda mfupi zote zinaingia katika mpangilio mmoja, halafu zinaachana tena. Mwaka uliofuata mtunzi wa dansi Gilles Jobin, aliyekuwa mkaazi pia, aliwaweka wachezaji wake chini ya taa hizohizo. Hakuna mchoro wa fizikia pale, lakini ukitazama unaelewa jinsi mtu anavyoweza kungojea mpangilio kwa miaka.

Wakikubana kwa kuuliza faida yako ni nini, wakumbushe Robert Wilson, mkurugenzi wa kwanza wa Fermilab, maabara ya fizikia ya chembe kule Marekani, aliyekuwa mwanafizikia na mchongaji pia, kama wewe unavyochonga. Mwaka 1969 aliulizwa mbele ya kamati ya bunge la Marekani mtambo wake wa kuongeza kasi ya chembe utasaidiaje ulinzi wa nchi. Akajibu kwamba unahusiana na kama sisi ni wachoraji wazuri, wachongaji wazuri, washairi wakubwa. Na ulinzi hauhusiani moja kwa moja, isipokuwa kuifanya nchi istahili kulindwa. Kama mwanasayansi aliweza kuitetea sayansi kwa kututaja sisi, nawe usiingie kwao umeinamisha kichwa.

Yaliyobaki ni ya karatasi. Hakikisha mkataba unasema kazi ni ya nani, nani ana haki ya kuzuia picha zisitoke, na nani anagharamia vifaa. Mafunzo ya usalama yachukulie kwa uzito. Ukiyaruka utabaki nyuma ya kioo ukitazama watu kwa mbali. Na omba meza ndani ya maabara, au karibu na karakana. Ofisi nzuri ya ghorofani ikatae kwa adabu, maana pale hutaona mkono wa mtu yeyote.

Wiki ya kwanza utajiona huna kazi. Chora tu: mlango, ndoano za makoti, jinsi wanavyovua glavu. Kisha niwekee mchoro mmoja kwenye bahasha, wowote, unitumie hata kama haujakamilika. Nina nafasi ukutani karibu na wekundu wa Jumatano.

Nduguyo akupendaye daima