Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Maonesho ya Sanaa Katika Maktaba ya Mkoa

Ndugu wanachama,

Kama katiba yetu inavyoagiza, nawaletea taarifa ya kazi za chama kwa mwaka uliokwisha. Mapato na matumizi atayasoma Mweka Hazina, na orodha ya wanachama wapya mmeshagawiwa mlangoni. Mimi nitajikita kwenye maonesho ya sanaa, maana ndiyo yaliyokula muda wetu mwingi na ndiyo yaliyozua mabishano.

Mnakumbuka ombi letu la kwanza kwa Mkutubi wa Mkoa lilikuwa la ukumbi kwa siku moja tu: mgeni rasmi, utepe, soda, kisha kila mtu abebe kazi zake arudi nyumbani. Ni yeye aliyetuuliza kwa nini picha zisikae mwezi mzima, palepale wasomaji wanapopita. Tukazitundika kwenye korido ya kwenda chumba cha magazeti.

Tulianza na picha za Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga ni mzaliwa wa Tunduru, mtu wa kusini kama sisi, ingawa jina lake lilikulia Oysterbay, Dar es Salaam, alikokuwa akichora kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi za kupakia baiskeli mpaka alipofariki mwaka 1972. Rangi hizo zinang'aa vizuri sana, lakini hazina haraka ya kukauka. Mchoraji wetu mmoja alifunga twiga wake kwenye gazeti rangi ingali mbichi, na tulipomfungua alikuwa na matokeo ya Ligi Kuu mgongoni. Wasomaji walimpenda hivyo hivyo. Hata hivyo, kuanzia mwaka huu kazi yoyote yenye rangi ya mafuta ifike wiki mbili kabla ya ufunguzi, bila kufungwa.

Mzee mmoja anayekuja kusoma magazeti kila asubuhi alipita mbele ya picha ya ufukweni siku nyingi bila kugeuza shingo. Ghafla akamwita mhudumu kulalamika: ngalawa imechorwa na mrengu mmoja, ule ubao wa pembeni wa kuisawazisha majini, badala ya miwili, itapinduka kabla haijatoka bandarini. Tukampigia mchoraji simu. Jumamosi alikuja, wakakaa wote wawili kwenye benchi wakibishana habari za matanga na mitumbwi hadi maktaba ikafungwa. Picha ilirekebishwa. Mzee huyo hajawahi kukanyaga jumba la sanaa wala hana nia hiyo, na ukimwita mhakiki atadhani unamtania.

Maonesho ya pili yalikuwa ya vinyago vya Kimakonde. Tulileta mitindo miwili: ujamaa, ule wa watu waliobebana kama nguzo, na shetani, ule wa maumbo ya mapepo, ambao asili yake inahusishwa na mchongaji Samaki Likankoa mwishoni mwa miaka ya 1950. Inachekesha kwamba baadhi ya vinyago hivyo ilibidi tuvifuate Mwenge, Dar es Salaam, kwa mafundi waliotoka huku huku kwetu. Wanafunzi wasioona walipokuja tuliondoa kibao cha "Usiguse", na mchongaji akawaongoza vidole kwenye nguzo ya ujamaa kutoka chini kwenda juu. Msichana mmoja alihesabu vichwa, akafika juu, akasema kuna mmoja amefichwa nyuma. Sisi wenye macho tulikuwa hatujamwona.

Hasara ilikuwepo pia. Kinyago kimoja kilipasuka kwa sababu kiliwekwa dirishani linapopiga jua la mchana, na mpingo usiokauka sawasawa hauvumilii hali hiyo. Mchongaji amelipwa kutoka mfuko wa dharura.

Maonesho ya tatu, ya michoro ya shule za msingi, yalikwenda salama na hayana mengi ya kuelezwa.

Kuna jambo la hakimiliki. Mfanyabiashara mmoja alipiga picha kazi zetu kwa simu, na baada ya muda zikaonekana kwenye fulana sokoni. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 iko wazi: hata aliyenunua picha amenunua kitu cha kutundika kwake, si ruhusa ya kukichapa na kukiuza. Kamati imezungumza naye, fulana zimeondolewa. Nawasihi wasanii waandikishe kazi zao COSOTA, yaani ofisi ya hakimiliki ya nchi, tusiwe watu wa kulalamika bila karatasi mkononi.

Sasa nije kwenye hoja ya baadhi yenu kwamba mwakani tuhamie hotelini, wanakolala wageni wenye fedha. Nakiri mauzo ya korido ni madogo, na msanii hali sifa. Ila hoteli ina mlinzi getini, na huyo mlinzi hatamruhusu mwanafunzi mwenye ndala asogelee picha. Maktaba za umma nchi hii zilianzishwa kwa ajili ya watu wa namna hiyo. Maktaba Kuu ya Dar es Salaam Mwalimu aliifungua tarehe 9 Desemba 1967, siku ya Uhuru, na siamini kwamba siku ile ilichaguliwa kwa kubahatisha. Wanaotaka kuuza hotelini wauze, chama kitawaandikia barua ya utambulisho. Maonesho ya chama yabaki koridoni.

Tumekubaliana na Mkutubi mambo mawili. Septemba na Oktoba hatutafungua maonesho, kwa sababu kidato cha nne wanajiandaa na mtihani na kila kiti kina mtu. Pia hatutapigilia tena misumari ukutani. Fundi ametengeneza reli ya chuma ya kuning'inizia picha, na malipo yake ya mwisho bado tunadaiwa.

Hoja ya hoteli itapigiwa kura baada ya taarifa ya Mweka Hazina. Ambaye hajalipa ada ya mwaka alipe kabla ya kura, mezani pale karibu na mlango.

Naomba kuwasilisha.